Ukienda Kusoma Kampala, Jua Mlango wa Kupiga Hodi

Hotuba hii ilisomwa na mfanyakazi wa jamii mbele ya wanafunzi wanaojiandaa kwenda vyuoni pamoja na wazazi wao, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Base Camp. Tunaichapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazazi wetu, viongozi wa zoni, ndugu wanafunzi na wakimbizi wenzangu,

Mimi sijasoma chuo. Nilimaliza senior six, na sasa kazi yangu ni kuwahudumia vijana wa makazi haya. Katika kazi hiyo nimepanda basi mara nyingi na wanafunzi wetu kwenda Kampala, nikabeba nao magodoro na masufuria, nikawaona wakianza maisha mapya. Haya ninayosema nimeyapata huko kwenye foleni na kwa wanafunzi wenyewe.

Wengi wetu tunafikiri kwamba kijana akipata nafasi ya chuo kazi kubwa imekwisha. Mzazi ameuza mbuzi, kanisa limechangia, jirani ametoa sanduku. Wachache wamebahatika kupata ufadhili, kwa mfano ule wa DAFI ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani. Tunapiga vigelegele, kijana anaondoka. Lakini mwanafunzi wetu hashindwi masomo tu. Anaweza kushindwa kwa sababu aliugua na hakujua aende wapi, au alitoa pesa ya chumba kwa mtu asiye na chumba, au alichelewa kujisajili kwa kukosa karatasi moja iliyobaki hapa kambini ndani ya sanduku la mama.

Kwa hiyo leo nataka tuelewane juu ya jambo moja. Hapa Nakivale huduma zinakujua. Ukienda kwenye kituo cha afya, muuguzi anamjua mama yako. Ukigombana na jirani, kiongozi wa kijiji anajua nyumba yako. Jina lako liko kwenye karatasi ya familia. Kampala hakuna anayekujua. Huduma zipo, tena nyingi kuliko hapa, lakini kila moja itakuuliza: wewe ni nani, unakaa wapi, umetumwa na nani? Mwanafunzi aliyeandaa majibu ya maswali hayo matatu atahudumiwa. Asiyeyaandaa atazungushwa mpaka achoke.

KABLA YA KUONDOKA

Kwanza, karatasi zako. Angalia kitambulisho chako cha mkimbizi. Je, muda wake haujakwisha? Jina limeandikwa sawasawa na lile lililo kwenye vyeti vya shule? Herufi moja ikitofautiana inaweza kukusimamisha dirishani siku nzima. Kama kuna kosa, anza kulisahihisha sasa katika ofisi ya OPM, usingoje juma la safari.

Wale mliosoma Kongo au Burundi, kumbukeni kwamba cheti cha nje hakipokelewi hivi hivi. Vyeti vya sekondari hulinganishwa na vya Uganda na Baraza la Mitihani, yaani UNEB. Kazi hiyo ina ada yake na inachukua muda. Chuo kikikuuliza barua ya ulinganisho nawe hujaiomba, muhula utaanza bila wewe.

Toa fotokopi tatu za kila karatasi. Seti moja ibaki kwa mzazi, moja uende nayo, na moja uiweke mbali na zile za asili. Basi la usiku lina mikono mingi.

Pili, usajili wako hapa makazini. Hili nawaomba wazazi mlisikilize vizuri. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea katika nchi hii. Kwenda kusoma si kosa. Lakini ukienda kimya kimya, siku ya uhakiki utaonekana haupo. Tunakumbuka uhakiki wa mwaka 2018, tulipopimwa alama za vidole na mboni za macho. Aliyekosa kufika hakuweza kumtuma ndugu yake aweke kidole badala yake. Basi nenda ofisini na barua yako ya kukubaliwa chuoni, uwaeleze kwamba utakuwa masomoni, uulize utafanya nini ukiitwa uhakiki. Na mzazi akisikia tangazo la uhakiki, ampigie mwanawe simu siku hiyo hiyo.

Jueni pia kwamba mjini hakuna mgao. Yule aliyezoea kungoja tarehe ya chakula au ya pesa, ajue kwamba Kampala tarehe hiyo haipo. Hesabu ya chakula cha muhula mzima ifanywe hapa nyumbani, mzazi na mtoto wakiwa wamekaa pamoja na kalamu.

JUMA LA KWANZA: MILANGO MITANO

Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilometa 270. Utafika umechoka, na kelele za mji zitakushangaza. Usiogope. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pumzika siku hizo mbili, na siku ya tatu shika jembe lako, yaani anza kupiga hodi. Milango ni mitano.

Mlango wa kwanza ni chuo. Chuo si darasa peke yake. Kuna ofisi ya msajili, ambako unaandikishwa na kupewa kitambulisho cha mwanafunzi. Bila kitambulisho hicho utapata shida maktaba, utapata shida hata kuingia chumba cha mtihani. Usajili una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo imebandikwa ukutani kwa wote. Kisha kuna ofisi ya mlezi wa wanafunzi, yule wanayemwita dini. Wanafunzi wetu wengi hawaijui kabisa. Huyo ndiye mtu wa kumwendea ukikosa mahali pa kulala, ukifiwa, ukiugua wakati wa mtihani, au karo ikichelewa kutoka kwa mfadhili. Mwendee mapema. Anayekuja na tatizo la juma moja husaidiwa kwa urahisi kuliko anayekuja na tatizo la miezi mitatu.

Mlango wa pili ni mwenyekiti wa LC 1. Wengine mnacheka, mnasema, "Mimi mwanafunzi, mambo ya mwenyekiti wa mtaa yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Mtaani Kampala, mwenyekiti wa LC 1 ndiye anayeweza kuandika kwamba fulani anakaa kwetu na tunamfahamu. Ofisi nyingi huomba barua yake. Ukipotelewa na kitambulisho, ukiibiwa, au polisi wakifanya msako usiku, ni vizuri kuwe na mtu wa mtaa anayejua uso wako. Nenda na mwenye nyumba wako, msalimie kwa heshima, andika jina lako katika daftari lake. Usingoje mpaka upate matatizo ndipo ajue kwamba unaishi pale.

Mlango wa tatu ni afya. Vyuo vikubwa vina zahanati, na Makerere kina hospitali yake. Uliza siku ya kwanza: iko wapi, inafunguliwa saa ngapi, na karo yangu inalipia nini? Nje ya chuo kuna vituo vya serikali. Tangu mwaka 2001 serikali ya Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake vya kawaida, na mkimbizi anatibiwa humo kama raia. Katikati ya mji kuna kituo cha Kisenyi, cha ngazi ya nne, chini ya halmashauri ya jiji, KCCA. Mulago ni hospitali ya taifa ya rufaa. Ukiwa na homa ya kawaida usianzie Mulago, anzia kituo kilicho karibu, na wao watakutuma mbele ikibidi. Lakini ajali na hali ya hatari haingoji barua, kimbilia hospitali.

Niseme wazi: huduma bila malipo haina maana kwamba dawa zote zipo. Wakati mwingine utapewa karatasi ukanunue dukani. Kwa hiyo weka akiba ndogo ya ugonjwa, usiiguse hata ukiona viatu vizuri. Na usinunue dawa kwa kumweleza muuza duka unavyojisikia. Pima malaria kwanza.

Ugonjwa mwingine hauonekani kwa kipimo. Wengi wetu tuliona mambo mazito kabla ya kufika hapa. Katika chumba cha peke yako mjini, mambo hayo hurudi usiku. Ukiona hulali, huli, au darasa halina maana tena, vyuo vikubwa vina washauri wa wanafunzi. Kuongea nao si aibu wala si wazimu.

Mlango wa nne ni simu na pesa. Sajili laini kwa kitambulisho chako mwenyewe. Ukitumia laini iliyoandikwa jina la mtu mwingine, siku atakapotaka kuifunga ataifunga na pesa yako ikiwa ndani. Namba ya siri ya mobile mani usimwambie mtu, hata akisema anapiga kutoka kampuni ya simu, hata akikutaja jina. Kampuni haihitaji namba yako ya siri. Na mtu akikuambia kwamba atakupatia ufadhili au nafasi ya kwenda nje ukimtumia pesa kidogo ya fomu, mkatie simu. Fomu ya DAFI hailipiwi. Huduma za mashirika ya wakimbizi hazilipiwi. Anayekuomba pesa kwa ajili ya huduma hizo anakuibia, hata kama amevaa kitambulisho cha ofisi shingoni.

Mlango wa tano ni usalama na sheria. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112. Ziandike pia kwenye karatasi, maana simu nayo huibwa. Ukipigwa au kubakwa, nenda kituo cha afya haraka, usioge kwanza, na usingoje kesho. Kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72. Fomu ya polisi namba 3, ambayo daktari anaijaza, hailipiwi. Kwa mambo ya sheria, kuna Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza mwaka 1999, ambayo imekuwa ikiwasaidia wakimbizi bila malipo. Na kabla ya kuondoka hapa, uliza ofisi ya OPM ya wakimbizi wa Kampala iko mtaa gani sasa, kwa sababu ofisi huhama, na dereva wa boda atakupeleka ile ya zamani ukalipa mara mbili.

CHUMBA, USAFIRI NA LUGHA

Juu ya chumba, nitawapa mfano. Kijana mmoja wa hapa kwetu alifika mjini na pesa ya miezi mitatu. Dalali alimwonyesha chumba kizuri, mlango wa chuma, umeme upo. Akalipa hapo hapo barabarani. Jioni alipokuja na godoro alimkuta mama na watoto wake ndani, nao wamekaa pale mwaka wa pili. Dalali simu imezimwa. Kijana yule alilala kwenye benchi la kanisa siku tisa, na pesa ya chakula ikawa pesa ya chumba kingine.

Basi fanya hivi. Usilipe kabla ya kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Waulize wapangaji wengine, nao watakuambia ukweli wa maji, wa umeme na wa wezi. Uliza mita ya umeme ni yako peke yako au mnashirikiana, na maji yanalipwa na nani. Lipa mbele ya mwenyekiti wa LC 1 au shahidi mwingine, upewe risiti yenye tarehe na sahihi. Kama unasoma Makerere, uliza hosteli za Kikoni na Wandegeya, lakini linganisha bei tatu kabla ya kukubali. Wengine hukaa mbali kidogo kwa bei nafuu, kisha nauli inakula faida yote. Piga hesabu ya vyote viwili.

Dada zangu, nanyi nawaambia kama kaka yenu. Atatokea mtu, pengine mtu mzima, pengine anayesema ni wa kwetu, akupe chumba bila malipo. Muulize moyoni mwako: huyu anapata nini? Bora kulala watatu katika chumba kimoja na wenzako. Wazazi, msiwasukume binti zenu kwa watu hao kwa sababu tu wanazungumza lugha yetu.

Usafiri: taksi ya Kampala ni yale mabasi madogo ya abiria kumi na wanne. Uliza nauli kabla ya kupanda, maana mvua ikinyesha inapanda. Boda boda inawahi, lakini mnapatana bei kwanza, unavaa kofia ya kinga, na hampandi abiria wawili. Juma la kwanza tembea kwa miguu uwezavyo. Kwa mfano, kutoka Makerere kushuka Wandegeya na kufika Mulago ni mwendo unaowezekana kabisa, na miguu hukumbuka njia kuliko taksi.

Lugha: Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini ofisini utasikia Kiingereza na sokoni Kiganda. Jifunze maneno machache ya heshima. Mwanamume mwite ssebo, mwanamke nnyabo, na ukisaidiwa sema weebale. Mtu akisikia unajaribu lugha yake, hupunguza sauti na hata bei.

OMBI LANGU KWENU

Ndugu zangu, haya yote nimeyasema kwa mdomo, na maneno ya mdomo husahaulika Mbarara kabla basi halijajaa. Nimeona tofauti kwa macho yangu. Mwanafunzi anayeambiwa "nenda kituo cha afya, kiko kule" haendi mpaka azidiwe. Mwanafunzi aliyepelekwa mara moja, akaona mlango, akamsalimia muuguzi, huyo akiugua anakwenda mwenyewe. Kinachotufunga mara nyingi ni haya. Tunaogopa kuulizwa "wewe wa wapi?" mbele ya watu, basi tunakaa chumbani.

Kwa hiyo naleta ombi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na kuendelea. Kila mmoja achukue mgeni mmoja au wawili. Jumamosi moja kabla ya masomo kuanza, mtembee nao kwa miguu: ofisi ya msajili, ofisi ya dini, zahanati, kwa mwenyekiti wa LC 1, kituo cha polisi, soko la bei nafuu. Msiwaonyeshe kwa kidole tu mkiwa barabarani. Ingieni, salimieni, waacheni wao wenyewe waulize swali. Siku moja inatosha. Haihitaji pesa ya shirika wala kibali cha mtu.

Nyinyi mlisaidiwa na nani? Wengine mtasema, "Mimi nilijitafutia mwenyewe, na yeye ajitafutie." Sawa, lakini kumbuka ulipoteza muda gani katika kujitafutia huko, na ni wenzako wangapi mlioanza pamoja ambao leo hawamo darasani.

Wazazi, nanyi mna kazi. Msimpigie mtoto simu kumuuliza pesa na matokeo tu. Muulize: umeshajiandikisha? Mwenyekiti wa mtaa wako anaitwa nani? Zahanati iko wapi? Akisitasita katika majibu, ujue bado hajafika Kampala, ingawa analala huko.

Viongozi wa zoni za Base Camp, Juru na Rubondo, nawaomba mwandike majina ya wanaokwenda vyuoni mwaka huu, pamoja na chuo na simu ya mzazi, mnipe kabla ya mwezi wa nane ambapo vyuo vingi hufunguliwa. Mimi nitawaunganisha na wakubwa wao walioko huko. Daftari la kwanza ninalo hapa. Anayetaka kujiandikisha leo asiondoke, aje mbele. Na mwanafunzi wa zamani aliyeko likizo ambaye yuko tayari kuchukua mgeni, aje upande huu wa kushoto, tuandike majina yenu pamoja.